Kufa Kwenye Kumi na Mbili

Bugolobi, Kampala
12 Februari 1978
Kwa mkono wa Ambroise

Mdogo wangu Okullo,

Hujambo huko Nairobi? Sisi hatujambo. Mama mdogo Aber amepona mguu na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo tunajua amepona kweli. Sukari hakuna. Chumvi ipo. Sabuni inasemekana ipo. Gazeti letu linatoka, ingawa kila asubuhi mhariri anashangaa. Mkeo Joska ni mzima, na hakuandikii.

Barua hii anaileta Ambroise, Mkongo muuza vitenge anayekwenda Nairobi na kurudi kila mwezi. Barua yangu ikija kwa mkono wake, isome kama ilivyo. Ikija kwa posta, ujue imepitia kwa wasomaji wengine kwanza, nami nitakuwa nimeandika kwa adabu.

Sasa jambo lenyewe. Klabu yetu ya sataranji hapa Bugolobi inafanya mashindano. Mshindi atakwenda Nairobi mwezi wa nane kucheza na klabu ya huko, na karatasi yake ya kusafiri itasainiwa na mwenyekiti wetu mwenyewe, Kapteni Candiga. Joska ameomba karatasi hiyo ofisini mara tatu ili akufuate, na mara tatu faili lake limepotea. Safari hii hakuna faili. Kuna ubao na kete tu. Amejiandikisha.

Anaweza kuwashinda wote. Tatizo ni Kapteni, na hasa tatizo ni saa.

Unaikumbuka saa ya klabu, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiitia mafuta: sanduku la mbao lenye nyuso mbili, kila mchezaji na uso wake. Ukishacheza unabonyeza kitufe, saa yako inasimama na ya mwenzako inaanza kutembea. Mshale ukikaribia 12 unainua kibendera chekundu. Ukiipita 12, kibendera kinaanguka, na mwenye kibendera amekufa, hata kama alibakiza hatua moja kushinda. Kila mtu hapa amekulia kwenye sheria hiyo: ukifika kumi na mbili, umekufa.

Ila kibendera cha Kapteni hakianguki. "Imeinama," anasema. "Hii si kuanguka. Hii ni kuinama." Jumamosi iliyopita Okeny, yule askari magereza wa Luzira, alimwonyesha kwa kidole kwamba kibendera kimelala chali. Kapteni akakiinua kwa njiti ya kiberiti. "Upepo," akasema. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Wewe unashinda kwenye karakana ya redio. Ututafutie saa ambayo haina kitu cha kuinama.

Dada yako,
Filda

Joska anasema ni zamu yako. Ubao wenu bado uko mezani kama ulivyouacha siku ile ulipotoka kununua mkate ukaishia Nairobi, mwaka juzi. Anapangusa kete moja moja na kuzirudisha palepale. Hataandika mpaka ucheze.


River Road, Nairobi
19 Machi 1978
Kwa mkono wa Ambroise

Dada Filda,

Nakusalimu, namsalimu mama mdogo Aber, na nawapa pole majirani zake. Mimi ni mzima. Nalala juu ya karakana, nakula kwa Mhindi wa chini, na kuhusu mkate sitaki kuulizwa.

Saa nimeitengeneza! Sikuitafuta, Dada, nimeitengeneza mwenyewe, kwa vipande vya mashine za kuhesabia zilizokufa na sanduku la redio ya mteja mmoja ambaye hakurudi kuichukua. Haina mshale. Haina uso. Ina namba nyekundu zinazowaka, safu mbili, moja kwa kila mchezaji. Unaiwasha, inasema 60:00. Ukibonyeza inaanza kushuka: hamsini na tisa, hamsini na nane, mpaka sifuri. Sifuri ikifika, imefika. Hakuna wa kuinama. Fundi mwenzangu aliiangalia akasahau kunywa chai yake.

Najua wewe ni mtu wa mishale. Utasema saa ya zamani inasikika, kwamba mchezaji anajua muda unapita bila kuinua kichwa. Kweli. Lakini mshale ni kama shahidi mwoga: ukimwuliza ni saa ngapi, anajibu "karibu". Namba haijui neno karibu. Kwa Kapteni wako hiyo ndiyo dawa.

Mwambie Joska kwamba bado nafikiri.

Mdogo wako,
Okullo


Bugolobi, Kampala
23 Aprili 1978
Kwa mkono wa Ambroise

Mdogo wangu Okullo,

Tunaendelea. Mama mdogo Aber amepata jogoo, na jogoo amepata maadui. Joska amenyoa nywele, anasema zilikuwa zinamwangukia kwenye ubao. Kuhusu kufikiri kwako alisema, "Afikiri."

Saa imefika. Ambroise aliiviringisha katikati ya robota la vitenge, na kwenye kizuizi cha daraja la Jinja askari wakaikuta. Anasimulia hivi. Askari aliinua sanduku, akaona nyaya, akarudi nyuma hatua kadhaa huku bado amelishika, jambo ambalo halikumsaidia.

"Hii nini?"

"Saa, Afande."

"Saa gani bila mishale?"

Mwenzake akaja, mwenye akili zaidi. Akaweka sikio juu ya sanduku, akasikiliza kama daktari. "Haisemi tik-tik," akatangaza. "Bomu nasema tik-tik. Hii nanyamaza. Pita."

Saa ya zamani wangeipiga risasi. Nakupa alama moja.

Naichukua tena kwa sababu ya betri. Saa yako inakula kama mgeni wa harusi. Nilizunguka soko zima la Owino. Mwenye betri aliniuliza nazitaka za nini, nikamwambia za saa, akacheka akasema saa inatiwa ufunguo. Sasa siku ya mchezo Okeny anazianika betri juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu, na mama mdogo Aber anafukuza jogoo.

Mchezo wa kwanza ulikuwa kati ya Okeny na Kapteni. Nilieleza wachezaji wote kama ulivyonieleza: inashuka mpaka sifuri. Wote wakaitikia. Kapteni alikuwa anazitazama namba zile kwa mapenzi na nadhani hakusikia neno. Mkewe, Sitti, anayetuuzia sambusa na ndiye mtunza muda wetu, alikaa kwenye kiti chake cha kila siku kando ya saa.

Okeny alikuwa akicheza vizuri. Namba zake zikashuka: kumi na tano, kumi na nne, kumi na tatu. Zilipofika 12:00 Kapteni aliruka kutoka kitini, kiti kikaanguka.

"Kumi na mbili! Okeny, wewe nakufa!"

Okeny alikuwa bado na dakika kumi na mbili nzima. Nilifungua mdomo. Okeny akanipiga teke chini ya meza.

"Nakufa, Afande," akasema, akalaza mfalme wake.

"Naona sasa? Hii ndiyo saa! Hakuna upepo!" Kapteni alikuwa na furaha ya mtoto. "Katibu, andika. Kila mutu, akifika kumi na mbili, amekufa. Hata mutu mukubwa. Amri."

Katibu ni mimi. Niliandika. Akasaini.

Saa yako haina kibendera, Okullo, kwa hiyo amekitafuta mwenyewe na amekipata palepale kilipokuwa.

Dada yako,
Filda


River Road, Nairobi
14 Mei 1978
Kwa mkono wa Ambroise

Dada,

Salamu kwa wote, jogoo pamoja. Mimi ni mzima, au nilikuwa mzima kabla Ambroise hajanipa barua yako.

SIFURI, Filda! Sifuri! Kumi na mbili ni dakika zilizobaki! Nimechoma vidole viwili ili mtu asibishane na saa ile hata kwa nukta moja, na wewe, mwandishi wa habari, mtu uliyemrekebisha kasisi jina la marehemu kaburini, umekaa ukaandika kwamba mtu afe na dakika kumi na mbili mfukoni?

Fundi mwenzangu nilipomsimulia alilazimika kukaa chini. Anacheka mpaka leo. Mteja akileta redio, anamwuliza kama imefika kumi na mbili.

Mwelezeni mtu huyo. Kwa upole, kwa mchoro, kwa wimbo, mnavyojua. Joska anahitaji kila dakika yake. Na kwa nini haandiki? Hata mstari mmoja?

Okullo


Bugolobi, Kampala
30 Juni 1978
Kwa posta

Mpendwa mdogo wangu,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta katika afya njema kama inavyotuacha sisi, tukiwa na kila kitu.

Mashindano ya sataranji yanaendelea kwa nidhamu ya hali ya juu chini ya uongozi wa Mheshimiwa Kapteni Candiga. Gazeti limechapisha matokeo, ukurasa wa mwisho, chini ya bei ya ndizi. Saa mpya ni hodari sana na sheria yake ni wazi kwa wote. Tafadhali usijisumbue kutuma maelezo mengine kuhusu matumizi yake. Narudia, usijisumbue hata kidogo. Sheria imeandikwa, imesainiwa, imebandikwa mlangoni, na ina faida ambazo mtu aliye mbali hawezi kuziona.

Joska amezoea sheria hiyo na anacheza haraka. Ameshinda michezo yake yote. Kapteni naye ameshinda yote. Watakutana fainali Jumamosi tarehe 5 Agosti. Mkuu wa Kapteni mwenyewe amealikwa.

Mshindi atakwenda Nairobi kucheza, na atarudi Jumatatu.

Dada yako akupendaye,
Filda


River Road, Nairobi
24 Julai 1978
Kwa posta

Mpendwa Dada,

Barua yako ya Juni imenifikia juzi ikiwa na gundi mpya, bora kuliko ile uliyoitia wewe. Nawashukuru wahusika.

Ambroise sijamwona mwezi huu. Nasikia barabara ya Busia ina matope. Nimeshindwa kungoja, kwa hiyo natuma hapa kwa posta jibu ambalo wifi yako analidai tangu mwaka juzi. Mwambie hivi: farasi wa kushoto anasogea mbele ya malkia.

Ni hilo tu. Nimefikiri sana.

Naelewa kuhusu faida ambazo mtu aliye mbali haoni. Sizioni.

Mdogo wako,
Okullo


Bugolobi, Kampala
9 Agosti 1978
Kwa mkono wa Joska

Okullo,

Ukiona nani amekuletea hii, iweke mezani kwanza na umfungulie mlango vizuri. Utaisoma baadaye.

Sasa ni baadaye. Ilikuwa hivi.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Betri zilikuwa zimeanikwa siku mbili. Mkuu wa Kapteni, kanali mnene mwenye fimbo, alikaa mbele kabisa akila sambusa za Sitti. Kapteni mwenyewe akamweleza saa, kwa sauti ya gwaride.

"Hii ni saa ya kisasa, Afande! Mutu akifika kumi na mbili, amekufa. Hakuna kuinama. Hata mukubwa. Hiyo ni amri yangu."

"Hata wewe?" kanali akauliza.

"Hata mimi, Afande!"

Nataka ulijue hili bila mapambo: Joska alikuwa anashindwa. Kapteni anacheza vizuri kuliko tulivyokuwa tukikubali, na saa ya zamani ilimfanya tu asihitaji kuonyesha. Alimla ngome, kisha askari wawili wa mbele. Namba za Kapteni zilisema 26:00 wakati Joska alipofanya kitu ambacho Okeny, aliyesimama nyuma yangu, alikiona akasema "Yesu" kwa sauti ndogo. Alimsogeza malkia wake mahali ambapo angeweza kuliwa na farasi, au na askari, au kuachwa hapohapo huku mfalme wake akishambuliwa. Njia zote tatu Kapteni anashinda. Mtoto angeshinda.

Lakini nyuma ya Kapteni kulikuwa na kanali, na Kapteni akataka kushinda kwa ile iliyo nzuri kuliko zote.

Aliinua mkono kuelekea farasi. Akaurudisha. Akamtazama kanali. Akaelekea kwa askari. Akatabasamu, akaurudisha. Akawa kama mtu anayechagua tai mbele ya kioo. Joska alikuwa anaangalia dari. Saa yako, Okullo, haina sauti. Ile ya zamani ingekuwa inamgongea sikioni tik-tik-tik na angeshtuka. Hii ilikuwa inashuka kimyakimya, nyekundu: ishirini, kumi na saba, kumi na nne. Ukumbi mzima ulikuwa unaziona isipokuwa mtu mmoja. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu na sikuandika chochote.

Mwishowe Kapteni aliinua farasi wake juu kabisa, kwa madaha.

"Baba Amina," Sitti akasema, mdomo umejaa sambusa. "Weka chini hiyo farasi. Umekufa."

"Nini?"

"Kumi na mbili."

Akaangalia. 11:58. Nilimwona akielewa. Nilimwona kabisa: macho yalizifuata namba zikishuka, 11:55, 11:54, na miezi minne ya ushindi wake ikampitia kichwani.

"Lakini hii nashuka!" akapiga kelele. "Hii nashuka! Iko bado dakika kumi na mbili!"

"Hata Okeny alikuwa nayo hiyo kumi na mbili," Sitti akasema. "Na yeye alikufa. Amri ni yako, imebandikwa mlangoni. Nisome?"

Farasi alikuwa bado hewani. Ndipo ikasikika sauti ya ajabu kutoka mbele, kama gari linalokataa kuwaka. Ni kanali. Alikuwa anacheka, sambusa imempalia, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi alimwelekezea Kapteni fimbo.

"Kapteni," akasema, "wewe nakufa."

Okullo, ukumbi ulilipuka. Okeny alimkumbatia mtu asiyemjua. Mama mdogo Aber alipiga vigelegele na alikuwa amekuja kufuata betri tu. Kapteni alisimama pale, na kwa muda sikujua mambo yataelekea wapi. Kisha akamweka farasi chini taratibu, akanyoosha koti lake, akampigia Joska saluti. Karatasi ilisainiwa Jumatatu. Zawadi ya mshindi ni saa ya zamani. Klabu haiihitaji tena.

Sikumwuliza Sitti kama alijua tangu mwanzo. Aliniambia mwenyewe wakati tunakusanya viti: "Mimi nauza sambusa, Filda. Kuhesabu kutoka sitini kwenda chini najua."

Joska atarudi Jumatatu. Nimeshaandika hivyo kwenye kitabu cha klabu.

Filda


River Road, Nairobi
21 Agosti 1978
Kwa mkono wa Ambroise

Dada Filda,

Salamu kwenu nyote. Leo hiihii nimetuma kwa posta barua ya adabu inayosema mchezaji wenu ameshikwa na malaria na hawezi kusafiri. Ipokee kwa huzuni, mbele ya mashahidi.

Ukweli ni huu. Nilifungua mlango. Hakunisalimu. Alipita, akatoa kwenye mkoba saa ya zamani, akaiweka mezani, upande wa uso wangu ukinitazama. Kibendera kilikuwa chini.

"Huko si kuinama," akasema.

Nikamwambia nimeshacheza, nimetuma farasi kwa posta. Akasema farasi hajafika, na kwa hali aliyoiacha mezani aje au asije ni mfu yuleyule. Kisha akaangalia chumba chote, kila rafu.

"Mkate uko wapi?"

Ulikuwepo! Dada, tangu tarehe moja Agosti nilikuwa nanunua mkate kila asubuhi. Mhindi wa chini alidhani nimefungua hoteli. Nilimwonyesha. Akaubonyeza kwa kidole kuona kama ni wa leo. Ndipo akakaa, akaanza kucheka, na mimi nikaanza, na fundi mwenzangu akagonga sakafu kutoka chini kuuliza kama tumefika kumi na mbili.

Anasema saa ya namba ni nzuri lakini ya mishale ndiyo anayotaka nyumbani, ili anisikie ninapochelewa.

Jihadhari huko. Farasi wangu bado yuko njiani kwa posta, na sasa ninapofikiri, sijui aliyemsoma alimwelewaje.

Mdogo wako,
Okullo


Bugolobi, Kampala
10 Septemba 1978
Kwa mkono wa Ambroise

Mdogo wangu Okullo, na wifi yangu Joska,

Wazima? Mimi ni mzima, na nawaandikia nikiwa mezani kwangu, jambo ambalo wiki iliyopita sikuwa na hakika nalo. Jogoo ameliwa. Majirani wamepatana.

Farasi alifika. Aliletwa na wanaume wawili wasiotaja majina. Walikuwa wamekaa naye zaidi ya mwezi. Walitaka kujua farasi wa kushoto ni nani, malkia ni mke wa nani, na kusogea kutafanyika lini. Niliwaambia ni sataranji. Wakasema kila mtu husema hivyo. Nikawaambia wamwulize Kapteni Candiga.

Kapteni alikuja peke yake siku ya pili, na barua zote mbili mkononi, ya farasi na ya malaria. Nilimpa kiti chako, Okullo, mbele ya ubao wenu, kwa sababu hakukuwa na kingine. Alisoma. Alimchukua farasi wa kushoto, akamweka mbele ya malkia, akaangalia ubao kwa muda mrefu, mikono magotini. Hakuna aliyehitaji kumweleza ubao ule ni wa nani na nani, wala kwa nini mmoja anatuma farasi wake kutoka Nairobi. Nilisikia maji yakichemka jikoni na sikwenda kuyaondoa.

"Huyu bwana," akasema mwishowe, "amekufa zamani."

"Ndiyo, Afande."

"Nitawaambia wale vijana ni mchezo. Mchezo mbaya, lakini mchezo." Akainuka, akavaa kofia. "Joska anarudi lini?"

"Ana malaria, Afande."

"Nimesoma." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Malaria ya Nairobi ni kali. Asiharakishe."

Hapo ningenyamaza, lakini nimekuwa mwandishi wa habari miaka mingi mno. "Apumzike mpaka lini, Afande?"

Alifikiri. Nadhani alikuwa anakaribia kucheka.

"Mupaka sifuri," akasema. "Si kumi na mbili. Sifuri."

Dada yenu,
Filda